Gemu la safari linaloanzia Kibirizi: ramani, sauti na mwezi

Kila pakizungumzwa wabunifu wa magemu wasiotulia mezani, jina la Richard Garriott halikosekani. Alizaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1961, akakulia Texas, baba yake Owen akiwa mwanaanga wa NASA. Mwaka 1981 alitoa gemu la kwanza la Ultima. Oktoba 2008 alipanda Soyuz hadi Kituo cha Anga cha Kimataifa, na 2021 akashuka Challenger Deep, karibu kilomita 11 chini ya Bahari ya Pasifiki. Watu husimulia safari hizo tu. Kwa fundi, kisa chenye faida ni kile cha 1997, Ultima Online, gemu la watu wengi kucheza pamoja mtandaoni, ilipofunguliwa. Timu yake ilikuwa imejenga ikolojia nzima: wanyama walao majani wanazaliana, na walao nyama wanawategemea. Wachezaji walipoingia waliua kila kilichotembea, kwa kasi kuliko kilivyoweza kuzaliana, na mfumo wote ukaondolewa.

Kwa hiyo ukitaka kutengeneza gemu la safari kwenye Ziwa Tanganyika, linaloanzia mwalo wa Kibirizi, Kigoma, anza na swali hili: mchezaji anazuiwa na nini? Mandhari nzuri Kigoma hazina shida. Shida ni kwamba mandhari pekee humchosha mchezaji baada ya dakika kumi. Safari inanoga pale ambapo upepo, giza, mafuta ya injini na mwinuko wa kilima vinamlazimisha kuchagua.

Ardhi kwanza. Vipimo vya miinuko vilivyochukuliwa kwa rada na chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000, vinavyojulikana kama SRTM, vinapatikana bure. Faili unalolitaka ni S05E029. Kigoma iko karibu nyuzi 4.9 kusini, hivyo wengi hupakua S04E029, halafu wanabaki kushangaa milima ya Burundi. Jina la faili hufuata kona ya kusini-magharibi, ndiyo maana ni 05. Ndani ya faili hilo moja zimo Kigoma, Ujiji na Hifadhi ya Gombe, kwa hiyo huna haja ya kuunganisha vipande.

Faili la ubora wa juu lina vipimo 3,601 kwa 3,601, takriban kila mita 30, na kila kipimo kinachukua baiti mbili, jumla kama megabaiti 26. Kati ya hizo mbili, baiti yenye thamani kubwa ndiyo inayotangulia. Programu ikizisoma kinyume, unapata msitu wa miiba mirefu badala ya vilima. Ukiona mashimo yenye kina cha mita 32,768, hayo si mashimo bali ni alama ya sehemu ambayo rada haikupata jibu. Yajaze kwa wastani wa vipimo vya jirani. Kwenye misitu rada ilipima karibu na vilele vya miti, si udongo. Ukipanda miti mingine juu ya vipimo hivyo, mabonde ya Gombe yanakuwa na miti iliyosimama juu ya miti. Shusha ardhi mita kadhaa mahali penye msitu mnene.

Usihifadhi ramani kama picha ya biti 8. Uso wa ziwa uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukichukua hadi mita 1,600, tofauti ni mita 830. Igawe kwa ngazi 256 zinazotoshea kwenye biti 8 na kila ngazi inakuwa zaidi ya mita tatu. Kilima kinageuka matuta ya shamba la chai. Tumia biti 16.

Ziwa lenyewe kwenye vipimo hivi ni bapa, kina chake hakimo. Lazima ulichonge mwenyewe, na hapa wengi hulifanya kama bwawa. Tanganyika ni ufa wa ardhi: sehemu nyingi za ukingo huporomoka ghafla, na mahali penye kina kirefu kabisa hufika karibu mita 1,470. Lakini usijaze samaki mpaka chini. Maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vya kutosha, na upande wa kaskazini oksijeni huisha karibu mita 100. Kama gemu lako lina kuzamia, hiyo ni zawadi: ukanda wa juu uwe na samaki wa miambani wa kila rangi, halafu taratibu wapungue, kisha kimya. Hakuna haja ya kubuni dubwana.

Sasa ukubwa. Kutoka Kigoma hadi Gombe ni kama kilomita 16 kwa maji. Ukipunguza mara kumi inabaki 1.6, na boti inayokwenda mita nne kwa sekunde inatumia dakika sita na sekunde arobaini. Huo ni urefu mzuri. Njia ya Tabora hadi Kigoma ni habari nyingine: kwa reli ni kama kilomita 400, na hata ukipunguza mara kumi mchezaji anatembea saa mbili na dakika arobaini na sita kwa mwendo uleule. Ikate vipande, kila kituo na ramani yake.

Anayeng'ang'ania ukubwa kamili wa njia hiyo atakutana na kutetemeka. Injini nyingi za gemu hutunza mahali kwa namba za desimali za biti 32. Ukiwa umbali wa kilomita 16 na kitu kutoka kitovu cha ramani, hatua ndogo kabisa ya namba ni kama milimita mbili, hakuna atakayeona. Ukifika kilomita 400, hatua hiyo ni sentimita tatu: mikono ya mhusika inaruka, kamera inatikisika, na miguu inazama sakafuni. Watu huhangaika na kadi ya picha bure. Dawa ni kurudisha kitovu pale alipo mchezaji kila anapovuka kilomita chache, na kusogeza dunia nzima badala yake.

Ukienda mwaloni kupiga picha za vitu vya kweli ili programu iziunganishe kuwa maumbo ya pande tatu, kazi hiyo ifanye mapema, kabla jua halijapanda, au siku ya mawingu. Kivuli kikali kikishaingia kwenye picha kinabaki kimechorwa kwenye mbao hata usiku wa gemu. Mtumbwi mmoja unahitaji mizunguko mitatu, chini, usawa wa kifua na juu, picha moja kila nyuzi kumi: 36 mara tatu, yaani 108. Funga mipangilio ya mwanga na rangi kwenye kamera ya simu isibadilike, usivute karibu kwa zumu, na weka futi kamba ubavuni ili upate vipimo sahihi. Mbao mbichi kwa maji hazifai, kwa sababu mng'ao hufuata jicho la kamera na programu hushindwa kulinganisha picha. Subiri mtumbwi upandishwe ukauke. Dagaa walioanikwa kwenye vichanja ni hivyohivyo. Wachore bapa, usipoteze siku.

Na uombe. "Shikamoo mzee, naomba kupiga picha mtumbwi wako, nautengenezea gemu," kisha eleza ni gemu la namna gani na kama litauzwa. Jina na namba zilizopakwa ubavuni zifute kabla ya kutoa gemu. Bandarini na hifadhini vibali huombwa kabla ya kufika, na droni ina taratibu zake. Usiirushe kwa kubahatisha.

Sauti ndizo zinazoharibika zaidi. Rekodi kwa 48 kHz na biti 24. Dakika moja ya njia mbili (stereo) ni megabaiti 17 hivi, kwa hiyo beba nafasi. Kilele cha sauti kisizidi -12 dB. Sponji ya maikrofoni haitoshi kwa upepo wa ziwani, tafuta kifuniko cha manyoya. Chukua mawimbi ya mchangani na ya kokoto kando kando, maana ni vitu viwili tofauti kabisa. Sauti ya mazingira ikiwa na jogoo mmoja ndani yake, mchezaji atamjua akirudi mara ya tatu. Kata wanyama na watu, wahifadhi peke yao, uwachezeshe kwa nasibu.

Kiini cha gemu, kwa maoni yangu, kiwe uvuvi wa usiku. Dagaa hufuata mwanga wa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti kitu, ndiyo maana wavuvi hupumzika. Nguvu ya kuvuta ya taa iwe mwanga wake baada ya kupunguza mwanga wa mwezi. Mwezi wa kweli wa siku 29.5 ni mrefu mno: siku ya gemu ikiwa dakika 24, mzunguko unachukua karibu saa 12. Upunguze uwe siku nane za gemu, yaani saa tatu na dakika kumi na mbili. Idadi ya dagaa usiiache izaliane yenyewe kama walivyojaribu akina Garriott. Kila eneo liwe na akiba yenye kikomo cha juu na cha chini, ijazwe kidogo kila usiku wa mbalamwezi. Mchezaji mlafi ataona nyavu nyepesi, lakini ziwa halitakufa.

Upepo wa kusi, kati ya Mei na Septemba, upunguze mwendo wa boti inayoelekea kusini na umwongezee anayekwenda Gombe. Thuluthi moja inatosha, nusu inaudhi.

Jaribio la mwisho lifanyike kwa simu ya bei ndogo, mikononi mwa mwendesha boti. Usimweleze chochote. Kaa pembeni na daftari dakika ishirini, andika kila anapokwama na kila anapouliza. Akiuliza kitufe cha kuwasha injini kiko wapi, rekebisha skrini. Akiuliza mbona mawimbi yanakwenda upande ule na upepo upande huu, rudi kwenye msimbo wa programu.