Kofia ya babu, mwaka ule wa kafyu

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona nlikuwa kidato cha tatu na nlifurahi, wallahi, sote tulidhani ni wiki mbili tatu tu. Mara kafyu ikaja, saa moja jioni kila mtu ndani, mara Mombasa ikafungwa huingii hutoki, halafu tarehe 6 Mei, tumo ndani ya Ramadhani, Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake. Zilisemwa siku 15 zikaongezwa hadi mwanzo wa Juni. Mabaraza ya mtaa wa Kibokoni yalikuwa matupu, hata paka walionekana kushangaa.

Nyumbani tulikuwa watu tisa, wanne wanafunzi, na simu ya kuingia intaneti ni moja, ya mamangu. Walimu wakituma noti WhatsApp tunaigombania, bando likiisha ndo basi. Vipindi vya redio nlisikiliza lakini hesabu bila kuona mchoro ilinishinda kabisa, nkawa nalala tu mpaka mchana, napanda darini, nashuka.

Aliyeniokoa ni nyanya. Alishona kofia za mkono tangu usichana wake mpaka macho yakamwacha, na siku moja baada ya alasiri akanipa kipande cha kitambaa cha bafta na sindano akaniambia, "Tia uzi mama, nami ntakwambia la kufanya." Kofia hizi za vitundu mnazijua, kila kitundu unakitoboa kwa sindano unakizungushia uzi pembeni mpaka kinakaza, kidogo kama punje ya mtama, na kofia moja ina mamia kwa mamia ya vitundu. Siku ya kwanza nlimaliza sita. Nyanya akavipitisha dole gumba maana kuona haoni, vinne akanambia fumua.

Ua la juu nlitaka kulichora mwenyewe, nkalichora kwa macho, petali 16, ile ya mwisho ikakosa nafasi. Nkachora tena, vilevile. Nlikaa nalo siku mbili ndo nkakumbuka bikari yangu ya shule. Kichwa cha babu ni inchi 22 kuzunguka, na pai, yaani mzunguko wa duara ukiugawa kwa upana wake, shuleni tunaichukua kuwa 22 kwa 7, kwa hivyo duara la juu lina upana wa inchi 7! Nlipiga kelele mpaka mamangu akatoka jikoni. Nyanya akachukua uzi, akaupima upana wa duara mara tatu na kipande kidogo, akauzungusha pembeni mwa duara, akanionyesha umefika palepale ulipoanzia. Hiyo pai hajafundishwa na mtu, aliipata kwa mkono. Petali nazo akanifundisha kukunja karatasi nusu, nusu tena, mara nne, zikatoka 16 sawasawa. Mimi hesabu nlikuwa naiogopa tangu darasa la sita, na pale chini kwenye mkeka, nna swaumu yangu na koo limekauka, nkaipenda.

Misikiti ilikuwa imefungwa, tarawehe tukisali ukumbini, babu mbele sisi nyuma. Hakulalamika, ila adhana ikilia alikuwa anasimama dirishani mpaka imalizike, na nadhani kila mtu nyumbani alikuwa anamuona na hakuna aliyesema kitu.

Idi ndogo ikapita kofia haijafika nusu. Nkaendelea Juni, Julai, vidole vimeota sugu, na waziri akatangaza mwaka wa masomo umefutwa, nlilia siku nzima, kesho yake nkarudi kwenye vitundu vyangu.

Nliimaliza siku tatu kabla ya Idi kubwa. Misikiti ilikuwa imefunguliwa kwa masharti, watu wasizidi mia, na aliyepita miaka 58 haruhusiwi. Babu alikuwa na 74. Asubuhi ya Idi alioga, akavaa kanzu yake na kofia ile, ikamkaa kichwani bila kubana wala kulegea, akatoa kiti akakiweka mlangoni, na kila aliyepita akienda msikitini alisimama kwa mbali na barakoa yake akampa mkono wa Idi hewani. Naye kila mmoja alimwambia, "Umeiona kofia? Ya mjukuu wangu hii."