Neno Moja Kwenye Karatasi ya Shangazi

Karatasi ya kwanza ya majibu ya altrasaundi ilikuwa na mstari mmoja: uvimbe mchanganyiko kwenye nyonga, uchunguzi zaidi ufanyike. Upande haukutajwa, wala sentimita. Shangazi aliifungua kutoka kwenye pindo la kanga, kibarazani kwake Ngamiani, Tanga, akaniuliza, "Mwanangu, ndiyo kansa hii?" Ilikuwa 2017, nami nilikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake.

Nilimuuliza kwanza alipimwaje. Maji alikunywa saa mbili asubuhi, foleni ikafika kwake saa sita, na katikati alikwenda msalani mara mbili. Basi tatizo lilianzia hapo. Altrasaundi ya nyonga inayopimwa kwa kupitisha kifaa juu ya ngozi ya tumbo inataka kibofu kilichojaa: maji kama lita moja, saa moja kabla, na usikojoe. Kibofu kikijaa huupandisha utumbo na kuacha uwazi wa kuonea ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi. Kikiwa kitupu, utumbo hushuka na gesi yake huziba picha. Mpimaji akiona vivuli huandika "mchanganyiko". Afadhali angeandika tu kwamba hakuona vizuri.

Umri ndio ulionitia hofu. Shangazi alikuwa na miaka 58, hedhi imekoma miaka saba. Kwa binti wa miaka 25, kifuko cha maji cha sentimita nne mara nyingi ni cha yai la mwezi. Husubiriwa hedhi mbili tatu, kikanywea chenyewe. Aliyekoma hedhi hana yai la kusingizia.

Tukarudia kipimo Bombo, hospitali ya mkoa wa Tanga, safari hii cha ndani, kupitia ukeni. Hiki unakojoa kwanza. Shangazi alipoona kifimbo kinavalishwa kondomu, akashuka kitandani. Mpimaji, binti mdogo kuliko kitinda mimba wake, akamwambia taratibu, "Mama, unaweza kukiingiza mwenyewe." Akarudi. Karatasi ya pili ilisomeka: ovari ya kushoto, sentimita 8 kwa 7 kwa 6, vyumba vitatu vya majimaji, kuta nyembamba, hakuna nyama ngumu ndani, ya kulia imesinyaa, tumboni hakuna maji.

Kipimo cha damu cha CA-125, protini ambayo kansa ya ovari huweza kuipandisha, kilisoma 28, na kikomo cha kawaida ni 35. Peke yake hakitoshi: kifua kikuu cha tumbo au faibroidi huweza kukipandisha, na kansa changa huweza kukiacha chini. Ndiyo maana daktari alizidisha vitu vitatu: alama ya hedhi, alama ya picha, na hiyo namba ya CA-125. Hedhi: imekoma, 3, haijakoma, 1. Picha: dalili moja mbaya, 1, mbili au zaidi, 3. Dalili zenyewe ni vyumba vingi, nyama ngumu, uvimbe pande zote mbili, maji tumboni, au kusambaa. Shangazi alikuwa na vyumba tu, kwa hiyo 1 mara 3 mara 28, jawabu 84. Mstari wa kumpeleka mtu moja kwa moja kwa wapasuaji wa kansa ni 200. Ile "mchanganyiko" ingehesabiwa kama nyama ngumu, dalili zingekuwa mbili, na jawabu 3 mara 3 mara 28: 252.

"Si wanyonye tu kwa sindano?" akauliza shangazi. Daktari alikataa. Kifuko hujaa tena, majimaji yakipimwa huweza yasioneshe kansa iliyomo, na kama seli mbaya zimo, zitamwagika tumboni. Kitoke kizima. Akamuonya pia: maumivu makali ya ghafla pamoja na kutapika ni dalili ya ovari kujisokota, asingoje tarehe ya upasuaji, aje hata usiku wa manane.

Wakatoa ovari zote mbili na mirija yake. Chombo cha kupelekea maabara tulileta sisi. Binamu yangu alikuja na kopo la achari, mdomo mwembamba. Uvimbe usingepita bila kubanwa. Formalini ya asilimia 10, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, inatakiwa iwe kama mara kumi ya nyama yenyewe, la sivyo katikati huoza na mpimaji wa tishu hapati cha kusoma. Nikachukua ndoo ya lita tatu yenye mfuniko jikoni kwa shangazi, nikabandika jina, namba ya faili, upande na tarehe kwenye ubavu wa ndoo. Mfunikoni hapana, mifuniko hubadilishana.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu: si kansa. Shangazi akashusha pumzi, kisha akaulizia ndoo yake ya unga.