Kutoka Mandello hadi Seregno, nikilifuata jina la kwenye kabureta

Neno la kwanza la Kitaliano nililolisoma maishani lilikuwa kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ya vespa ya baba, Unguja: DELL'ORTO. Kila alipoifungua kuzibua vitundu vyake, kazi yangu ilikuwa kushika kopo la petroli, na macho yangu hayakubanduka kwenye zile herufi. Kwa hiyo nilipopata siku mbili za mapumziko Milano, kanisa kuu nililipita tu. Nilipanda treni ya Mandello del Lario, kwao pikipiki za Moto Guzzi, ambazo nazo zimewahi kubeba jina hilo.

Reli inaambaa na ziwa Como; upande wa pili mlima Grigna umesimama kama ukuta. Ukishuka stesheni, kiwanda cha Moto Guzzi kiko hapo hapo karibu, na ndani yake kuna makumbusho.

Kampuni ilisajiliwa Genova tarehe 15 Machi 1921, lakini mimba yake ilitungwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Carlo Guzzi, fundi, alikutana na marubani wawili, Giorgio Parodi na Giovanni Ravelli, katika kikosi cha ndege cha jeshi la majini. Wakapeana ahadi: Guzzi ataunda pikipiki, Parodi atatafuta fedha kwa baba yake mwenye meli, Ravelli atashindana. Vita vikaisha, Ravelli akiwa hai. Kisha mwaka 1919 ndege ikamwangusha. Yule tai aliyetandaza mbawa kwenye tangi la kila Guzzi ni ukumbusho wake. Nilikuwa nikimwona miaka yote nikidhani ni pambo tu, na nilipoelewa nilisimama pale kitambo.

Mzee Parodi aliahidi kutoa lire 1,500 hadi 2,000 za majaribio. Pikipiki ya kwanza iliundwa kwenye karakana ya mhunzi wa hapo hapo Mandello, Giorgio Ripamonti. Ile ya kuuzwa, Normale, ilikuwa na silinda moja iliyolazwa kuelekea mbele, nguvu za farasi 8. Mwaka wa kwanza zilitoka 17 tu.

Lakini mimi nilikaa zaidi mbele ya pikipiki za miaka ya 1970, nimechuchumaa, nasoma majina madogo. Kwenye breki ya diski: Brembo. Kwenye kabureta: lile lile la baba. Watu husema "Guzzi" wakaishia hapo. Kwangu hiyo ni dhuluma. Pikipiki haizaliwi na kiwanda kimoja. Ina wajomba na mashangazi vijiji vyote vya jirani.

Nao nilipitia karibu na kwao nikirudi. Lecco nilibadili treni, nikachukua ya polepole inayosimama kila mahali. Mji huo umefua chuma na kuvuta waya karne nyingi, ndiyo maana hapakukosekana mikono ya kazi. Carnate, reli inakatizwa na nyingine: kushoto unakwenda Bergamo, ambako Brembo ilianza mwaka 1961, kulia, Seregno. Kituo kinachofuata ni Arcore, kwao Gilera, kampuni ya Giuseppe Gilera iliyoanzishwa mwaka 1909. Pikipiki zake za silinda nne zilitwaa mataji sita ya dunia ya madereva wa 500cc kati ya 1950 na 1957. Kiwanda kilifungwa mwaka 1993. Treni ilisimama dakika moja, akapanda mama mmoja na mkoba wa sokoni.

Baada ya Monza ikaja Sesto San Giovanni. Hapo mwaka 1919 Fiat na Ercole Marelli waliunda Magneti Marelli, watengenezaji wa magneto, kile kifaa kinachozaa cheche bila betri. Kabla ya vita, Ulaya ilitegemea sana magneto za Ujerumani. Mapigano yalipokata njia hiyo, Italia ikalazimika kujitengenezea zake.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Seregno. Gaetano Dell'Orto na wanawe walianzisha kampuni yao hapo mwaka 1933. Ni mji mtulivu, baiskeli nyingi, harufu ya kahawa. Nilitembea saa nzima bila kuuliza mtu, kisha nikarudi stesheni nikapiga picha kibao chenye jina la mji. Nikamtumia kaka Unguja. Vespa ya marehemu baba iko kwake.

Akajibu kwa picha: kabureta imefunguliwa, mwanawe ameshika kopo.