Fyuzi ya Tatu

Redio ya gari la Baba ilikufa Jumapili moja asubuhi, mwaka 2009, na wa kwanza kulaumiwa alikuwa kijana aliyekuwa akituoshea gari. "Amemwagia maji dashibodi," Baba alisema, huku akibonyeza swichi kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Hakuna taa, hakuna mkwaruzo. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na kikombe cha chai, nikachangia kwamba vijana wa siku hizi hawako makini. Nilisema hivyo kabisa, kwa mdomo wangu.

Gari lenyewe lilikuwa saluni ya Kijapani ya mwaka 1996, Baba alilinunua kwa kiinua mgongo. Redio ilikuja nalo kutoka kiwandani: ya kaseti, vitufe vina maandishi ya Kijapani ambayo tuliyajua kwa kupapasa, na FM yake inaanzia 76 na kuishia 90, kama walivyozoea kwao. Kwetu stesheni nyingi ziko juu ya hapo. Ndiyo maana kulikuwa na ekspanda, kile kidude kinachofungwa kwenye waya wa antena na kushusha kila stesheni kwa 12. Ukitaka iliyoko 98, unaitafuta 86. Baba alikuwa na hesabu zote kichwani, na abiria aliyejaribu kumsaidia kutafuta stesheni alipigwa kofi la mkono.

Fundi wa mtaa wa Gerezani hakumaliza hata dakika tano. Redio imeungua, mzee, tia mpya, kaseti za nini zama hizi? Baba akapandisha kioo, akaondoka. Jioni akampigia simu Mjomba, Tanga.

Mjomba alikuwa fundi redio tangu mimi sijazaliwa. Alifika Temeke Jumamosi iliyofuata, na begi la ngozi lililonuka risasi ya kuchomelea.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mjomba. Shika tochi."

Alipoichomoa redio na kuona nyuma yake, aliguna. Aliyefunga ekspanda alikuwa amekata waya, akazisokota kwa vidole na kuzungushia tepu. Tepu imeyeyuka kwa joto, inanata kama ulimbo wa fenesi. Mjomba aliichukulia kazi ile kama tusi. Alizimenya waya moja moja, akazichomelea upya, akazifunga vizuri. Karibu saa mbili zikaenda hapo. Redio ikabaki kimya vilevile.

"Angalau sasa nitalala," alisema.

Ndipo akatoa kibalbu chake cha kupimia. Waya wa kijivu, unaopata umeme ukizungusha funguo: kibalbu kikawaka. Wa kahawia, ambao ni ethi, unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari: mzima. Wa bluu wenye mstari wa njano, ambao unatakiwa uwe na umeme hata kama gari limezimwa na funguo ziko mfukoni, maana ndio unaoitunzia redio stesheni zake: hakuna kitu. Mjomba akakaa kwenye kiti cha dereva, miguu nje, akawa anaangalia dari.

"Shemeji, hii taa ya juu inawaka?"

"Hata sijui. Usiku siendeshi siku hizi, macho."

Akaibonyeza. Giza. Akanyoosha kidole kwenye saa ya dashibodi, nayo kioo kitupu. Baba alidhani saa ni sehemu ya redio, zimekufa pamoja. Kwa namna fulani alikuwa sahihi.

Tukafungua boneti. Pembeni ya betri kuna kisanduku cha fyuzi, na chini ya mfuniko wake kuna ramani. Kwenye nafasi moja imeandikwa DOME. Ile fyuzi ya bluu, ya ampea 15, aliinua juani nikaona kiwaya chake ndani kimekatika, ncha zimekuwa nyeusi kama uzi uliopitishwa kwenye mshumaa. Fyuzi moja, inalisha taa ya ndani, saa, kumbukumbu ya redio, na taa ya buti. Nikatumwa dukani kununua tatu.

Ya kwanza ilipoingia, taa ya juu ikawaka, saa ikaandika 1:00, redio ikaanza kukwaruza. Baba akamwita Mama aje aone. Mjomba akaenda kurudisha spana kwenye buti, akainua mfuniko, na kila kitu kikazimika.

Ya pili akaniambia niinue buti taratibu yeye akiwa mbele. Nusu ya njia nikamsikia: "Basi! Imekwenda."

Ya tatu hakuiweka. Alichukua balbu ya indiketa, ya wati 21, akaiunga kwa vipande viwili vya waya mahali pa fyuzi. Fyuzi ikikutana na shoti inakatika. Balbu inawaka tu kwa nguvu zote, na utaitazama hadi uchoke. Buti likiwa chini, inafifia. Likiinuka, inang'aa. Akanipa balbu niiangalie, akaenda nyuma kuchezea waya. Niliona mwanga ukipanda na kushuka mkononi mwangu, na hapo tumbo likaanza kunicheza, kwa sababu nilikuwa nimeshakumbuka.

Jumamosi ile ya kabla redio haijafa, Baba akiwa amelala, nilitoka na gari kwenda Keko na rafiki yangu aliyekuwa anakaribia kuoa. Tulipakia kichwa cha kitanda cha mninga, nusu ndani ya buti, nusu nje, mfuniko tumeufunga kwa kamba. Njia nzima mbao ilikuwa ikigonga bawaba kila tulipopita shimo. Nilirudi nimezima redio, nisimwamshe mtu getini.

"Njoo na tochi," Mjomba aliita.

Waya wa taa ya buti unapita juu ya mkono wa bawaba. Ngozi yake ilikuwa imechunwa upana wa ukucha, shaba inang'aa, na pembeni kumechomeka kibanzi chekundu cha mbao, bado kina vanishi. Mjomba alikichomoa kwa ncha ya bisibisi. Alinitazama. Baba akasogea.

"Nini, shemeji?"

"Waya umechoka tu. Gari la siku nyingi."

Akauvika waya, akaufunga mbali na bawaba, akaweka fyuzi ya tatu. Tuliinua na kushusha buti mara kumi. Baba akaingia ndani, akafunga mlango, na kupitia kioo tulimwona akitafuta 86.

Mjomba alinawia bombani, mimi nikimshikia sabuni.

"Kabati au kitanda?"

"Kitanda, Mjomba."

"Na yule kijana wa kuosha gari, ya wiki iliyopita kalipwa?"

Hakuwa amelipwa. Nilikwenda kumtafuta jioni ileile, kabla hata sijala.