Fundi wa Dalali

Mwaka 2016, masika yakielekea ukingoni, nilikuwa na pesa kidogo ya kununua nyumba na haraka nyingi. Mwenye nyumba wangu wa Sinza alikuwa anadai kodi ya mwaka mzima. Dalali akanipeleka Tabata, kwenye mteremko wa kuelekea Mto Msimbazi: vyumba vitatu, dari ya jipsamu, vigae vinang'aa, ukuta wa nje rangi ya maziwa, bado inanukia. Bei ilikuwa chini kiasi cha kuniamsha usiku.

"Kama una wasiwasi, bosi, nina fundi wangu. Wala humlipi kitu."

Fundi akaja na raba zenye madoadoa ya rangi. Aligonga ukuta kwa ngumi mara mbili, akatazama dari kutoka pale pale aliposimama, akasema, "Hii ngumu." Nikaridhika. Nilikuwa nataka kuridhika.

Usiku mke wangu akaniuliza, "Huyo fundi analipwa na nani?"

Kazini nikaelekezwa kwa mzee mmoja, mhandisi mstaafu. Nilijikaza nikamwomba namba yake ya usajili, nikidhani atakasirika. Akaitaja hapo hapo. "Kaitazame Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla hujanipa hata mia," akasema. Alitaka laki tatu, na sharti moja: dalali atufungulie mlango, kisha atupishe.

Alikuja na ngazi, tochi na tepu ya mita 50. Alipotea darini karibu nusu saa, akashuka na kiganja kimejaa unga wa mbao; kenchi mbili zimeliwa na mchwa. Akafungua bomba zote kwa mpigo, na maji machafu yakafurika kwenye chemba. Vigae akavigonga kimoja kimoja kwa sarafu ya mia mbili. Vya sebuleni vililia kama debe tupu. Nyuma ya kabati la jikoni akanionyesha mstari wa tope kavu, usawa wa goti langu.

"Mchwa na chemba ni pesa tu, kijana wangu," alisema. "Twende nje."

Alinipa ncha ya tepu niishikilie ukutani, akashuka nayo kuelekea mtoni. Kingo akaifikia tepu haijaisha. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kati ya nyumba na kingo.

Kisha akarudi, akaenda ukuta wa pembeni ambao sikuwa nimejishughulisha nao. Ilikuwa saa kumi na moja, jua linapita kiubavu. "Simama hapa nilipo mimi. Unaona nini?"

Chini ya rangi ya maziwa kulikuwa na X kubwa kama mlango, wekundu wake umefifia. Mwishoni mwa 2015, bomoabomoa ilipoanza bondeni, niliziona X kama hizo kwenye taarifa ya habari, nikawahurumia wenyewe. Mzee akakwaruza kidogo kwa ufunguo. Unga mwekundu ukabaki kwenye ncha.

Hapo ndipo nilipozikumbuka zile raba.

Nikampigia dalali, nikamuuliza kuhusu X. Alikaa kimya kidogo.

"Lakini bosi," akasema, "si tumeshaifuta?"