Seva ya kuharibu bure: maabara za kwenye brauza kwa mwenye laptopu ya RAM 4GB

Wakuu, swali linaloingia inboksi yangu kila mara ni lilelile, "kaka nina laptopu yangu ya Kariakoo, RAM 4GB, nataka kujifunza Linux na mambo ya seva, nianzie wapi?" Afu wengi wanaongeza kwamba walishajaribu kuweka VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako), wakawasha moja tu, laptopu ikaganda mpaka wakaizima kwa kushikilia kitufe cha pawa. Hapo hamna cha kujilaumu. Windows peke yake inachukua karibu nusu ya hiyo RAM kabla hujafungua kitu, ukifungua brauza nayo inakula chake, kinachobaki hakitoshi mashine pepe moja yenye maana, sembuse tatu za kuunganishana ili ujifunze mtandao.

Jibu langu siku hizi ni moja, nenda kwenye maabara za kwenye brauza. Unafungua tovuti, unabofya kitufe, unasubiri kidogo, terminali (dirisha la kuandikia komandi) inafunguka, na nyuma yake kuna Linux halisi kabisa ambayo wewe ndo root, yaani mwenye mamlaka yote. Hujainstoli kitu chochote kwenye laptopu yako, hata kompyuta ya kazini au ya intaneti kafe inatosha.

Ila RAM ndo sababu ndogo. Sababu kubwa ni kwamba kule unaruhusiwa kuharibu, na hilo ndo jambo ninalotaka kulisema leo.

Si unajua vyuo vyetu vingi vilivyo, darasa zima mna ruta moja na swichi mbili, ufunguo wa chumba anao msimamizi wa maabara, siku ya practical mnazunguka meza moja waliowahi wanaona wengine wanasikia, anayeshika kibodi ni mmoja. Na ukishika wewe unaambiwa usiguse kitu ambacho hakipo kwenye karatasi ya maelekezo, kwa sababu ukiivuruga ile ruta kipindi kimeisha kwa wote. Simlaumu mwalimu hata kidogo, kifaa ni kimoja afanyeje? Ukifika kazini ndo usiseme, hamna bosi atakayekupa seva ya wateja ujifunzie. Matokeo yake kijana anamaliza miaka yake mitatu hajawahi kuona seva iliyokufa, siku ya kwanza kuiona ni siku ambayo simu za wateja zinalia na meneja amesimama nyuma ya kiti chake. Kwenye brauza unaijaza diski makusudi, unafuta njia za mtandao, unaandika `rm -rf`, komandi ya kufuta bila kuuliza, pale usipopaswa, inakufa, unabofya, unapewa nyingine mpya. Hakuna anayekugombeza.

Kwa ufupi inavyofanya kazi, maana ukiielewa utaokoa na bando. Kila herufi unayobonyeza inasafiri kupitia kitu kinaitwa WebSocket mpaka kwenye seva ya wenye maabara, mara nyingi ipo Ulaya au Marekani, kule inaingia kwenye kontena (kisanduku cha programu kinachotegemea Linux ya seva iliyokibeba) au mashine pepe ndogo uliyotengewa wewe, afu jibu linarudi kuchorwa kwenye skrini yako. Ndo maana ukiandika haraka unaona herufi zinachelewa kidogo, umbali huo. Lakini vinavyosafiri ni maandishi tu, kwa hiyo unaweza kukaa jioni nzima kwenye terminali na bado ukawa umetumia MB chache kuliko video moja ya YouTube. Hadithi inabadilika ukifungua maabara yenye desktop kamili, ile yenye madirisha na mausi, kama AttackBox ya TryHackMe, tovuti ya kujifunzia usalama wa mtandao, pale picha ya skrini nzima inasafiri muda wote na bando linaondoka kweli. Wa akaunti ya bure pale wanapewa saa 1 kwa siku, kwa hiyo soma maelezo yote ya chumba (somo wanaliita hivyo) kwanza ndo uiwashe.

Kuna na aina nyingine watu hawaijui, Linux inayokimbia ndani ya brauza yenyewe bila seva ya mbali. Mfaransa Fabrice Bellard, huyuhuyu aliyeanzisha QEMU ya mashine pepe na FFmpeg ya video, alitoa JSLinux mwaka 2011, kompyuta nzima imeandikwa kwa JavaScript. Ni nzito kidogo na huwezi kufanyia kila kitu, ila kwa mtu anayejifunza komandi za mwanzo kama `ls` na `cd` inatosha sana.

Sasa tuje kwenye ninayoipenda kuliko zote, SadServers. Hawa hawakupi seva nzima wakakuambia jenga, wanakupa seva mbovu wanakuambia tengeneza. Kila tatizo wamelipa jina la mji. La kwanza ni Saint John, kuna programu inaandika mfululizo kwenye faili `/var/log/bad.log`, itafute uisimamishe, na saa inahesabu kurudi nyuma. Vijana wengi wanakimbilia kulifuta lile faili. Linafutika, ndio, lakini programu bado imelishikilia, na nafasi ya diski hairudi mpaka prosesi yenyewe (programu inayokimbia) ife, na hicho ni kitu ambacho nimekikuta kazini, diski imejaa 100% na ukitafuta faili kubwa huoni. Kwa hiyo unalazimika kujua `lsof` au `fuser`, umuulize Linux nani ameshika faili hili, akutajie namba ya prosesi, uiue. Komandi mbili tu, ila ukizipata mwenyewe ukiwa umebanwa na muda huzisahau tena.

Halafu kuna Manhattan. Kanzidata ya PostgreSQL haikubali kuandika. Mtu anaanza kuhangaika na paswedi, na haki za mtumiaji, na mafaili ya konfiga, wakati angeandika `df -h` tu, komandi ya kuonyesha nafasi ya diski, angeona diski inayoshika data imejaa pomoni na ndani kuna mafaili ya bakapu ya zamani yamekaa. Hii hali ipo kwenye ofisi ngapi hapa mjini? Bakapu zinawekwa diski ileile ya data, hakuna anayezifuta, siku moja mfumo unagoma na kila mtu anasema ni virusi. Mimi kijana akinimalizia Manhattan bila kuangalia dokezo, namwamini na seva.

Kuna kitu kinanikera kwenye baadhi ya maabara hizi na nitakisema wazi. Upande wa kushoto maelekezo hatua kwa hatua, upande wa kulia terminali, afu komandi unaibofya tu inajiandika na kujiendesha yenyewe. Unamaliza somo zima la Docker au Kubernetes (vya kuendesha na kusimamia kontena) una alama za kijani kila mahali na kichwani hamna kitu. Nimekaa na vijana wana vyeti vya namna hiyo, ukimfunikia ule upande wa kushoto anaduwaa. Wenye maabara wana nia njema, wanataka mwanafunzi asikwame, lakini kukwama ndo somo lenyewe.

Kwa hiyo vijana wangu nawafanyisha hivi. Soma maelekezo yote mpaka mwisho bila kugusa kibodi, punguza ule upande, afu andika kwa vidole vyako bila kukopi na kupesti. Ikifanya kazi usifunge, muda uliobaki ndo wa dhahabu, anza kuharibu. Chukua mfano umeweka Nginx, programu ya seva ya tovuti, na ukurasa unafunguka. Nenda kwenye konfiga futa nukta mkato moja, piga `nginx -t`, soma inasemaje na imetaja mstari wa ngapi (mara nyingi itataja mstari unaofuata, sio ule uliouharibu, na hapo ndo watu wanapotea). Irudishe, afu ondoa ruhusa za kusoma kwenye `index.html` kwa `chmod 000`, angalia 403 (kosa la kukatazwa) ikija, soma `error.log`. Irudishe, washa programu nyingine kwenye poti 80, mlango wa kawaida wa tovuti, kabla ya Nginx, uone inavyolalamika kwamba anwani imeshachukuliwa. Kila kosa liandike kwenye daftari, dalili upande mmoja chanzo upande wa pili. Daftari hilo likifika kurasa kumi una kitu ambacho wengi waliomaliza chuo hawana.

Na daftari liwe nje ya maabara jamani, hili nasisitiza. Muda ukiisha kila ulichoandika ndani kinafutika. Hata maabara zenyewe zinaweza kuondoka, Katacoda ilikuwa maarufu sana dunia nzima kwa kujifunzia Kubernetes, ikanunuliwa na O'Reilly 2019, na mwaka 2022 ikafungwa kwa watu wa nje, waalimu waliokuwa wamejenga masomo yao kule ikabidi wahame, wengi wakaenda Killercoda. Tumia Git, programu ya kutunza mafaili na historia yake, uyasukume nje ya maabara. Au Google Cloud Shell, pale unapata terminali ya bure kwenye brauza na GB 5 ambazo hazifutiki ukifunga, ukomo wake ni saa 50 kwa wiki ambazo kwa mwanafunzi ni nyingi mno, ila usiitelekeze, ukikaa siku 120 bila kuingia wanafuta.

Kitu kingine ambacho maabara nyingi hazikuambii waziwazi ni kama umepewa kontena au mashine pepe kamili. Ukiandika `systemctl` ikakujibu kwamba mfumo haujawashwa kwa systemd (msimamizi wa huduma za Linux), ujue upo ndani ya kontena. Kwa kujifunza komandi za kawaida haina shida, ila kama unajiandaa na RHCSA, mtihani wa cheti cha Linux wa Red Hat, hapo hutafika, kwa sababu mtihani ule ni wa vitendo na wanataka ulichokonfigu kibaki hata seva ikiwashwa upya, na kontena nyingi huwezi kuziwasha upya ukaona. Tafuta inayotoa mashine pepe, ukimaliza zoezi andika `reboot` kabla hujajipongeza. Utashangaa ni mangapi yalikuwa yanafanya kazi kwa muda tu. CKA, mtihani wa cheti cha Kubernetes, nayo ni hivyohivyo, saa 2, vitendo vitupu, unafanyia ndani ya brauza, kwa hiyo aliyezoea terminali ya kwenye brauza na kuchelewachelewa kwake hapati mshtuko siku hiyo.

Kwa wasio na laptopu kabisa, nanyi sijawasahau. Maabara ya brauza kwenye simu inafunguka lakini ni mateso, kibodi ya simu haina Ctrl wala Tab. Weka Termux, programu ya terminali, kwenye Android, ina mstari wa vitufe hivyo juu ya kibodi, uingie OverTheWire, tovuti ya michezo ya kujifunzia, kwenye mchezo wao wa Bandit kwa SSH (njia ya kuingia seva ya mbali). Ni bure, unaanza na jina bandit0 na paswedi bandit0, kila hatua unatafuta paswedi ya hatua inayofuata. Hatua ya pili tu kuna faili limepewa jina la kistari kimoja, ukiandika `cat -` ili ulisome, terminali inakaa kimya inakusubiri wewe, na lazima ujue kwa nini ndo utoke hapo. Bando linalotumika ni dogo sana, nina mtu alikuwa anafanyia kwenye daladala za kwenda Mbagala.

Mipaka ipo pia. Hakuna brauza itakayokufundisha kukrimpu RJ45 (kichwa cha waya wa mtandao), au kusikia feni ya seva imebadilisha sauti, au kupambana na vumbi na UPS iliyochoka betri. Hayo nenda kwa fundi anayefunga mitandao umbebee ngazi, na wengi wanakubali ukiomba kwa adabu. Halafu kila kitu kinategemea intaneti. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika tuliona wote, mtandao ulikuwa unasuasua siku kadhaa, maabara ya Ulaya ungeifungua vipi? Ndo maana nawaambia wawe na Packet Tracer ya Cisco, programu ya kuigiza mitandao, kwenye laptopu, ni ya bure, haihitaji intaneti ukishaingia, na kwa ruta na swichi za kujifunzia RAM 4GB inavumilia.

Kuhusu kulipia, usilipe mwezi wa kwanza. Maliza vya bure vyote kwanza, ukiona unarudi kila jioni bila kusukumwa ndo ulipie, kadi pepe za kwenye simu zinafanya kazi kwenye nyingi.

Sisi Jumamosi tunakaa kikundi, hatuna projekta wala slaidi. Kila mtu anafungua maabara yake, anaharibu kitu kimoja, afu tunabadilishana viti. Hakuna kumwambia mwenzako umeharibu nini, unampa dalili tu kama mteja angekupigia simu, "bosi tovuti haifunguki." Yeye anauliza maswali, anasoma logi, anatengeneza, akishindwa kabisa ndo unamuonyesha. Wiki iliyopita binti mmoja alimpa mwenzake seva ambayo `ping` kwa namba inaenda vizuri ila kwa jina haiendi, jamaa akazunguka kwenye ruta zote kumbe `/etc/resolv.conf` imeachwa tupu. Wiki hii DNS (mfumo wa kugeuza majina kuwa namba) tena, kwa wote, mpaka iwaingie.