Nimerudi Ihumwa, na miaka 13 haina hata mstari mmoja daftarini

Niliondoka Ihumwa, Dodoma, mwaka 2011, wakati Dodoma ilikuwa bado makao makuu kwa jina tu tangu uamuzi wa mwaka 1973. Nimerudi Novemba 2024 nikakuta Serikali imehamia kweli, mji ni jiji tangu Aprili 2018, na majengo ya Serikali pale Mtumba yamesimama jirani kabisa na mapori tuliyochungia mbuzi. Habari hizo zilinifikia nikiwa Uingereza, zikanifurahisha, na zinanifurahisha hadi leo. Sikuja kulalamikia lami wala maji ya bomba. Kilichonitikisa ni mbuyu.

Walioishi pale zamani wanaukumbuka ule mbuyu wa nyuma ya nyumba ya bibi. Matawi yake yalibeba marundo makubwa ya vijiti vya miiba, viota vya wale ndege weusi wenye mdomo mwekundu ambao hujenga pamoja, rundo moja likiwa na vyumba kadhaa. Kwenye matundu ya shina walikaa cherero, kasuku wadogo wa kijani wenye shingo ya manjano ambao asili yao ni nchi hii yetu. Sasa pana ukuta, geti jeusi, na uwanja uliotandikwa pevingi kutoka kona hadi kona.

Niliuliza mbuyu ulikatwa lini. Mjomba alisema ni kabla mji haujawa jiji. Dada alisema ni baadaye, kwa sababu mwanawe wa kwanza alikuwa ameshaanza shule. Jirani aliyekuja kunisalimu, na ambaye bado ananiita kwa jina la utotoni, alisema haukukatwa kabisa, ulioza kwa ndani ukaanguka wenyewe usiku wa upepo. Watu watatu wanaopendana, waliokuwepo wote, wana majibu matatu. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia siku ile ya mwisho ulikuwa na viota vingapi, wala kama cherero walikuwa bado wamo. Jambo hili linaniuma kuliko hata kukosekana kwa mbuyu wenyewe. Mti mkubwa kuliko nyumba zote za mtaa umeondoka, na hakuna aliyeandika tarehe.

Katika sanduku la bati la bibi nilipata kauntabuku yangu ya sekondari, yenye kumbukumbu za ndege na wadudu wa mtaa wetu kuanzia 2008 hadi nilipoondoka. Niliifungua nikitafuta ushahidi wa kuwaonyesha ndugu zangu tulichopoteza, nayo ikanishitaki mimi kwanza. Kwa miaka yote ughaibuni nilikuwa nikiwasimulia watu kwamba asubuhi baada ya mvua ya kwanza anga la Ihumwa hujaa kozi wa Amur, wale kozi wadogo wanaozaliana Siberia na kaskazini mwa China, kisha wakavuka Bahari ya Hindi kuelekea kusini mwa Afrika, na njiani hufuata mawingu ya mvua ili wale kumbikumbi. Daftari linasema hivi: mwaka 2008, kozi 60 hivi. Mwaka 2009, “hakuna”. Mwaka 2010, kozi 4. Moyo wangu ulichukua asubuhi moja ukaigeuza kuwa desturi ya kila mwaka. Kama si ile “hakuna” iliyoandikwa kwa kalamu ya buluu, ningekuwa leo nawaambia watu wazima kwamba kozi wameisha, na wangeniamini.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku, mwanzoni mwa Desemba. Nilikaa kibarazani mapema, kwa sababu zamani kumbikumbi walitoka kwenye kichuguu kilichokuwa kando ya mbuyu, na sisi tulikuwa tayari na beseni la maji na kibatari. Kichuguu hakipo. Kumbikumbi walikuja hata hivyo, sijui kutoka wapi, wakazunguka taa ya ukutani hadi wakachoka, wakaanguka. Nilipiga magoti na tochi. Nilimwona jike amesimama, akazikunja mbawa zake nne, zikakatika karibu na mwili kama karatasi iliyokunjwa mstari kabla ya kuchanwa. Dume alikuwa nyuma yake, ameshaziacha zake, akamfuata akiwa karibu kumgusa. Walichohitaji wawili hao ni udongo laini tu, wachimbe, wajifungie, waanzishe kundi jipya. Walitembea juu ya pevingi wakafika kwenye ufa kati ya tofali na tofali, wakaugusagusa kwa vipapasio, wakakuta umezibwa kwa saruji. Wakaenda ufa wa pili. Wa tatu. Niliwafuata kwa dakika 20, hadi sisimizi walipompata dume. Jike aliendelea peke yake kuelekea getini, nikazima tochi. Asubuhi shemeji alifagia mbawa, zikajaa kizoleo.

Asubuhi hiyo hiyo niliandika: kunguru 11, mwewe 3, mbayuwayu 2, tetere wengi, kozi hakuna. Siwezi kusema ni wachache kuliko zamani. Kati ya ukurasa wa mwisho wa 2011 na ukurasa huu hakuna kitu. Neil na Liz Baker wamekusanya kumbukumbu za ndege wa Tanzania kwa miongo kadhaa katika atlasi yao, wakiigawa nchi kwa miraba ya nusu digrii, na kazi hiyo naiheshimu sana. Lakini mraba mmoja una upande wa kilomita 55 hivi, na hauwezi kunijibu habari za mbuyu mmoja. Habari hizo ni sisi wenye mtaa wa kuzitunza. Uingereza watu wa kawaida kabisa, watoto tangu 1979 na baadaye watu wazima pia, huketi kwa muda wa saa moja kila Januari wakihesabu ndege wa bustanini mwao. Sisi tuna aina nyingi zaidi za ndege, na hatuhesabu.

Wewe unayerudi, usitangaze kwamba ndege wameisha wiki ya kwanza. Chagua sehemu moja, ukae nusu saa ile ile, mimi huanza saa 12:15 asubuhi, uandike tarehe, mawingu, upepo, na idadi. Usiyemjua jina mwandike rangi, ukubwa na alichokuwa akifanya, wala usimbatize jina la kubahatisha. Kwa wadudu tundika shuka jeupe mbele ya taa kuanzia saa 1 usiku, uwapige picha ukiweka rula pembeni. Ukikosa kitu, andika “hakuna”.

Nina ombi pia. Kama ulihudhuria harusi, msiba au ngoma Ihumwa kati ya 2011 na 2024 na ukapiga picha kwa simu upande wa nyumba ya bibi, tafadhali itafute. Watu walio mbele si muhimu kwangu. Marundo yale ya miiba yanaonekana hata kwa mbali, na picha ikiwa na tarehe nitaweza kuyahesabu.